Kona 57 na Hesabu ya Simu: Sayansi ya Kupanga Ruti ya Pikipiki

Anayetoka Mbeya kwa pikipiki kwenda Matamba, wilayani Makete, ana njia mbili za kuchagua. Ya kwanza inafuata Barabara Kuu ya TANZAM hadi Chimala, kisha inaiacha na kuupanda ukingo wa bonde la Usangu kwa kona kali zilizoipa barabara jina lake: Hamsini na Saba. Ya pili inashika barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, inapanda uwanda wa Kitulo, ulio kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, kisha inateremkia Matamba. Zote mbili zinafika. Ipi inafaa leo, kwa pikipiki hii, na mzigo huu, baada ya mvua ya jana?

Ukiiuliza simu, itachora mstari wa buluu na kukupa kilomita na dakika. Mstari huo ni matunda ya sayansi mbili zilizo tofauti kabisa. Moja inatafuta ulipo, na kwa kweli imekamilika kwa kiwango cha kustaajabisha. Nyingine inatafuta pa kupita, na hiyo inategemea taarifa alizoandika mtu fulani kuhusu barabara. Dereva anayezitofautisha hizi mbili hupanga safari vizuri zaidi, na akitaka, anaweza kuiboresha hiyo ya pili kwa mkono wake.

Simu inajuaje ulipo

Setilaiti za GPS, zinazoendeshwa na Marekani, huizunguka dunia mara mbili kwa siku zikiwa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Mfumo uliundwa kwa setilaiti 24, na siku hizi zinazofanya kazi huwa 30 au zaidi kidogo. Hazikuoni wala hazijui kama upo. Kila moja hutangaza mambo mawili tu: saa yake, na mahali ilipo. Simu yako ndiyo inayopokea matangazo hayo na kupima kila moja limechukua muda gani kufika.

Mawimbi ya redio husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo kukosea sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kukosea mita 300. Ndiyo maana setilaiti hubeba saa za atomiki. Simu haina saa ya namna hiyo, hivyo inahitaji angalau setilaiti nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kusahihisha saa yake yenyewe. Hata nadharia za Einstein zimo mfukoni mwako. Kwa sababu ya mwendo wao na kimo chao, saa za setilaiti hukimbia kuliko za ardhini kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Bila kusahihishwa, kosa la umbali lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku.

Zamani jeshi la Marekani lilipotosha kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru upotoshaji huo ukome Mei 2000. Leo simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea kwa mita 5 hivi.

Kwa msafiri, hapa kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, GPS haili bando. Kinachohitaji intaneti ni ramani, na ramani inaweza kupakuliwa nyumbani kabla ya safari. Programu kama OsmAnd na Organic Maps zimeundwa kwa kazi hiyo. Pili, kila setilaiti hutuma taarifa za mzunguko wake polepole na kuzirudia kila baada ya sekunde 30. Penye mtandao, simu huzipata haraka kupitia intaneti. Pasipo na mtandao, ikiwa simu ilizimwa kwa muda mrefu, simama kwanza mahali penye anga wazi uipe dakika chache kabla ya kuondoka.

Kinachoitwa njia fupi

Mwaka 1956, akiwa Amsterdam, Mholanzi Edsger Dijkstra alibuni namna ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili. Alisimulia baadaye kwamba alikuwa ameketi mkahawani na mchumba wake, na kazi ilimchukua dakika 20 hivi, bila karatasi. Aliichapisha mwaka 1959, na hadi leo programu za ramani zimejengwa juu ya wazo lake.

Kompyuta huiona ramani kama nukta na mistari: nukta ni makutano, mistari ni vipande vya barabara, na kila kipande kina gharama. Hesabu huanzia ulipo na kuenea pande zote kama maji yaliyomwagika sakafuni, ikifika kwanza kwenye nukta za gharama ndogo, hadi iguse mwisho wa safari. Mbinu za baadaye, kama ile iliyotolewa na watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 2008, huandaa ramani mapema ili jibu la nchi nzima lipatikane kufumba na kufumbua.

Siri yote imo katika gharama. Kipande cha lami cha kilomita 30, kikipitwa kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kinagharimu dakika 30. Kipande cha vumbi cha kilomita 18, kwa mwendo wa 25, kinagharimu dakika 43. Programu itachagua lami, ingawa ni ndefu zaidi. Masika, mwendo kwenye tope ukishuka hadi 15, kile kifupi kinafika dakika 72. Hesabu inabaki sahihi siku zote. Kinachoweza kuwa na makosa ni namba iliyoingizwa.

Na namba nyingi ziliingizwa kwa ajili ya gari. Jijini Nairobi, pikipiki haziruhusiwi kwenye barabara ya juu ya Expressway, lakini simu iliyowekwa kwenye chaguo la gari inaweza kumpeleka mwenye bodaboda huko huko. Upande wa pili, kichochoro ambacho gari haliingii, pikipiki inapita bila shida, na programu ya gari haitakiona. Google ilianzisha chaguo la pikipiki kwenye ramani zake nchini India mwaka 2017, kisha ikalisambaza nchi nyingine. Kurviger, programu ya Kijerumani, hufanya kinyume cha desturi: inapunguza gharama ya barabara zenye kona, kwa ajili ya wanaosafiri kwa kufurahia kuendesha. Barabara ni zile zile, na anayehesabu ameambiwa athamini kitu kingine. Kwa hiyo kabla ya kubofya neno la kuanza, hakikisha simu inajua unaendesha nini, kisha soma machaguo: kuepuka vumbi, kuepuka vivuko, kuepuka barabara kuu.

Ruti na nyayo

Wanaopanga safari kwenye kompyuta na kuihamishia kwenye kifaa cha GPS hukutana na jambo linalowachanganya: njia iliyochorwa usiku mezani, asubuhi kifaa kinaonyesha nyingine. Sababu ni kwamba faili la GPX, lililo kama lugha ya pamoja ya vifaa hivi, linaweza kubeba vitu viwili vya asili tofauti.

Ruti ni orodha ya vituo: anzia Mbeya, pitia Isyonje, malizia Matamba. Kati ya kituo na kituo, kifaa kinajihesabia upya kwa ramani yake na machaguo yake. Ramani ya kompyuta na ya kifaa zikitofautiana, hata kwa kipande kimoja, majibu yatatofautiana. Nyayo, kwa upande mwingine, ni mfululizo wa nukta zilizosongamana zinazoonyesha mstari wenyewe. Kifaa hakihesabu kitu, kinauonyesha tu, nawe unaufuata.

Ruti ina faida ya kukuelekeza kwa sauti na kukurudisha ukipotea. Nyayo hazibadiliki. Palipo na barabara nyingi na ramani nzuri, tumia ruti. Milimani, ambako njia moja ndiyo inayopitika, beba zote mbili, na katika ruti ongeza vituo vya kulazimisha kwenye vipande vilivyonyooka baada ya kila njia panda. Usiweke kituo kwenye makutano yenyewe. Nukta ikiangukia upande usio wake, kifaa kitakutaka ugeuze pikipiki.

Kona zina mtego wake pia. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 hivi kila sekunde. Kifaa kinachorekodi nukta kila sekunde 10 kitaacha pengo la mita 80, na kona nzima ya kupinda inaweza kupotea ndani yake. Njia itaonekana fupi kuliko ilivyo. Takwimu za mwinuko nazo zisomwe kwa tahadhari. Ramani nyingi huzitoa kwenye vipimo vilivyopigwa na chombo cha anga Endeavour mwezi Februari 2000, kwa wastani wa nukta moja kila mita 30. Barabara ya zigizagi kwenye mlima mkali inaweza kuwa na vipande viwili vya kimo tofauti ndani ya nafasi hiyo moja. Takwimu ya jumla ya mpando isikufanye upuuze mafuta ya akiba wala breki.

Jambo moja la kutunza: mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitahadharisha kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Simu ikifungwa kwenye usukani, iwekewe kishikio chenye kuzuia mtikisiko.

Nani anaijua barabara

Hakuna setilaiti itakayoiambia programu kwamba daraja limesombwa, kwamba udongo wa hapa ukilowa hushika matairi, au kwamba kipande fulani kimewekwa lami mwezi uliopita. Hayo huandikwa na watu. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, inamruhusu yeyote kuongeza barabara na kueleza kama ni lami, changarawe au udongo, na kama pikipiki inapita. Kibera, Nairobi, ilichorwa na vijana wake kuanzia mwaka 2009. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mitaa, nyumba na mitaro. Tracks4Africa ya Afrika Kusini ilijenga ramani za bara kutokana na nyayo zilizotumwa na wasafiri, zenye muda ambao safari ilichukua kweli.

Hakuna wanaozijua barabara zetu kuliko madereva wa bodaboda. Wanajua kichochoro kinachofurika, mlima usiopandika na abiria wawili, na njia ya mkato inayofungwa na lango saa mbili usiku. Maarifa hayo hupotea kila siku kwa sababu hayajaandikwa mahali ambapo hesabu inaweza kuyasoma. Kuyaandika ni rahisi: rekodi nyayo zako kwa nukta ya kila sekunde, kisha ongeza aina ya uso wa barabara kwenye ramani huria. Halmashauri na vyuo vyetu vikuu vingefanya jambo la maana kwa kuvipatia vijiwe vya bodaboda mafunzo hayo na kuwalipa madereva kwa kazi hiyo, maana ni upimaji wa ardhi halisi. Gari la wagonjwa, lori la mbolea na mama mjamzito aliyepakizwa kwenye pikipiki usiku, wote watafaidi dakika zilizohesabiwa kwa ukweli.