UCHACHU WA UDONGO NA MABAKI YA DAWA ZA MAGUGU KATIKA MASHAMBA YA KUNDE NA MAHARAGE

Wakulima wa Unguja na Pemba, pamoja na mabwana shamba na mabibi shamba, wanajulishwa kuwa kunde na maharage yanayopandwa baada ya mahindi yanaweza kudhurika kwa mabaki ya dawa ya kuulia magugu iliyotumika msimu uliotangulia. Ukubwa wa madhara hayo hutegemea sana uchachu wa udongo. Dawa moja, kwa kipimo kimoja, yaweza kumwachia mkulima mmoja shamba salama na kumtia mwenziwe hasara.

Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Daraja ya 7 ni katikati. Chini yake udongo ni mchachu, na juu yake ni udongo wa asili ya chokaa. Kila daraja moja ni tofauti ya mara kumi, hivyo udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 ya ule wa pH 6.

Namna dawa inavyobaki

Mfano ulio wazi ni atrazini, dawa ya mashamba ya mahindi. Mmea wa mahindi huivunja dawa hiyo ndani yake na kusalimika. Kunde na maharage hayana uwezo huo wa kutosha. Katika udongo mchachu, atrazini hushikwa na chembe za udongo na kugeuka upesi kuwa kitu kisichoua mimea. Katika udongo wenye pH zaidi ya 7 mageuzi hayo huenda polepole, na dawa hubaki katika maji ya udongo, mahali ambapo mizizi huifikia.

Jambo hili lina uzito kwa ardhi ya maweni ya mashariki na kusini mwa Unguja, ambako udongo mchache umekaa juu ya mawe ya chokaa ya matumbawe. Udongo wa kina kirefu wa upande wa magharibi kwa kawaida ni mchachu zaidi. Aidha, shamba lililotiwa chokaa au majivu mengi karibuni laweza kuhifadhi atrazini kwa muda mrefu kuliko lilivyozoeleka. Mwaka ambao masika ni haba hatari huongezeka, kwa kuwa dawa huvunjika kidogo katika udongo mkavu.

Isidhaniwe kuwa kila dawa hufuata kanuni hiyo. Imazetapiri na imazakwini huenda kinyume: hudumu zaidi katika udongo mchachu, kwa sababu hushikwa na chembe za udongo na vijidudu vinavyozivunja haviwezi kuzifikia kwa urahisi. Hivyo, kabla ya kuamua, ni lazima lijulikane jina la dawa na hali ya udongo.

Dalili

Mbegu huota vizuri, na mkulima huona shamba limekubali. Akiba ya chakula iliyomo katika mbegu inapokwisha, majani ya chini huanza kugeuka manjano pembezoni, kisha hukauka na kuwa ya kahawia. Dawa hupanda na maji kutoka mizizini na kuzuia jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Katika upungufu wa mbolea ya naitrojeni, jani lote hufifia kwa pamoja. Kwa hiyo kuongeza mbolea hakuponyi shamba lililodhuriwa na dawa. Huongeza gharama tu.

Kupima kabla ya kupanda

Udongo uchukuliwe sehemu mbalimbali za shamba, kina cha sentimita 10 hadi 15, na mwingine mahali pasipopigwa dawa. Kila udongo utiwe katika makopo yaliyotobolewa chini, zipandwe mbegu 5 hadi 10 za kunde, na makopo yawekwe juani. Kivulini dalili huchelewa kuonekana. Baada ya wiki 3 mimea ilinganishwe.

Tahadhari

1. Kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko kisizidishwe, na muda wa kusubiri kabla ya zao linalofuata uheshimiwe.

2. Jina la dawa, tarehe na eneo lililopigwa viandikwe, hasa kwa ardhi ya kukodi, ili mpandaji wa msimu unaofuata ajulishwe.

3. Shamba lenye mashaka lipandwe tena mahindi au mtama, ambayo huvumilia atrazini.

4. Dawa isipigwe karibu na visima. Atrazini huteremka na maji, na mawe ya maweni yana matundu mengi. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kuiondoa katika matumizi kwa sababu ya kuonekana katika maji ya ardhini.

Kunde zikiungua, mkulima hupoteza mbegu, msimu na kitoweo cha nyumba yake. Mwenye mashaka aende kwa bwana shamba au bibi shamba wa shehia yake, akiwa na kibandiko cha dawa aliyotumia, kabla ya kupanda.