Kuizoesha Motokaa Mpya ya Spoti

Watu wengi hudhani kwamba motokaa ikishatoka kiwandani kazi ya kuiunda imekwisha, na lililobaki ni kutia petroli na kukanyaga mafuta. Katika bweni letu jambo hili limeleta mabishano zaidi ya mara moja, maana wapenzi wa motokaa za spoti ni wengi, yaani zile ndogo za viti viwili, zilizo karibu na ardhi, zenye nguvu kupita ukubwa wao. Wako wasemao kuwa mwenye kununua motokaa ya namna hiyo amenunua mbio, basi na aikimbize siku ile ile. Wengine husema iendeshwe polepole kama mtu aliyejitwika mtungi wa maji. Nia ya makala hii ni kueleza kwa nini pande zote mbili zimekosea, na kwa nini jambo lenyewe linamhusu hata mzazi ambaye hana ila pikapu kuukuu.

Yafaa kwanza tutazame ndani ya injini. Kila silinda ina pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni imevishwa ringi, aghalabu tatu: mbili za juu huzuia moto na moshi usiponyoke kwenda chini, na ya tatu hukwangua oili isipande juu kuungua. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 katika sekunde moja. Chukua mfano wa Mazda MX-5, motokaa ya spoti ya Kijapani iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Marekani, mwaka 1989, na ambayo kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimekwisha kuundwa milioni moja. Baadhi ya injini zake za karibuni huweza kufika mizunguko 7,500 kwa dakika, yaani mara 125 kwa sekunde!

Sasa ukuta wa silinda mpya si laini kama kioo. Kiwandani huchorwa makusudi mikwaruzo myembamba sana inayokatana kama nyuzi za mkeka. Likizo moja nilibahatika kumtazama fundi akifungua injini, naye akaniambia nipitishe ukucha juu ya silinda iliyokwisha kukwaruzwa upya. Kwa macho niliona mng'aro tu, lakini ukucha ulisikia vijimatuta. Mabonde ya mikwaruzo ile hushika oili. Vilele vyake ndivyo vinavyosuguana na ringi mpya, mpaka ringi na ukuta vikubaliane kabisa pasibaki mwanya. Hapana mashine iwezayo kuimaliza kazi hiyo sawasawa kama injini yenyewe ikiwa inafanya kazi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba mwenye motokaa ndiye fundi wa mwisho, na barabara ndiyo chumba cha mwisho cha kiwanda.

Je, afanyeje? Kitabu cha Mazda humwambia mwenye gari kwamba katika kilometa 1,000 za kwanza asiivumishe injini, asikanyage mafuta mpaka mwisho, asifunge breki kwa ghafula bila sababu, wala asikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Porsche hutaka subira ya kilometa 3,000 hivi. BMW, kwa motokaa zake kali za aina ya M, hutaka kilometa 2,000, kisha oili imwagwe na kutiwa mpya, kwa sababu oili ya kwanza imebeba vumbi la chuma lililotoka katika msuguano huo.

Msomaji atauliza: kwa nini mwendo mmoja nao umekatazwa? Jibu ni hili. Moto ulio juu ya pistoni huingia nyuma ya ringi na kuisukuma ibane ukuta. Ukiendesha kivivu siku zote, msukumo huo huwa dhaifu, vilele havisagiki ipasavyo, na oili huungua kidogo kidogo ikiacha utando wa kung'aa ukutani. Utando huo ukishashika, ringi huteleza juu yake bila kuziba, na injini itakunywa oili maisha yake yote. Na ukiikimbiza kupita kiasi, joto la msuguano huwa kali, oili hukatika, na chuma hukwaruza chuma. Basi njia iliyo sawa ni ya kati na kati: panda gia na ushuke gia, ongeza mwendo kwa nguvu ya kadiri kisha uachie, pita milima midogo na tambarare. Ndivyo mkulima anavyomfundisha fahali mchanga kukokota plau: hamwachi amelala zizini, wala hampi shamba zima siku ya kwanza. Samaki mkunje angali mbichi.

Wazee wetu wanaozikumbuka motokaa za miaka ya 1950 watasema kwamba zamani sharti hili lilikuwa kali zaidi. Ni kweli. Uingereza wakati ule ilikuwa kawaida kuona tangazo limebandikwa kwenye kioo cha nyuma, likiwaambia walio nyuma kwamba injini ni mpya na tafadhali wapite. Siku hizi vyuma huchongwa kwa uhodari mkubwa zaidi na oili ni bora, kwa hiyo sharti limepungua, lakini halijaondoka.

Pamoja na injini, kuna vitu viwili vipya ambavyo wapenda mbio huvisahau, navyo vyaweza kumwua mtu. Cha kwanza ni tairi. Tairi mpya hutoka katika kalibu ikiwa na utelezi juu yake, na mpaka utelezi huo ulike haishiki barabara sawasawa, hasa mvua inyeshapo. Cha pili ni breki. Pedi mpya hazijapata kulingana na diski, na kwa kilometa 300 hivi za mwanzo hazina nguvu zake zote. Basi mtu aliyepewa ufunguo leo, akaenda kuwaonyesha rafiki zake jinsi gari linavyokata kona, ameichagua siku iliyo mbaya kuliko zote. Gari halijawa tayari kumsimamisha, wala yeye hajalizoea.

Zikiisha kilometa za mwanzo, utunzaji ndio umeanza. Asubuhi usivumishe injini iliyo baridi. Ondoka taratibu, na ukumbuke kwamba oili huchelewa kupata moto kuliko maji, hivyo mshale wa joto kufika katikati si ruhusa ya kukimbia papo hapo. Pima oili gari likiwa mahali pa sawa, nayo iwe kati ya alama mbili za kijiti. Pima upepo wa tairi kabla hazijapata moto, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye kibandiko, aghalabu penye fremu ya mlango wa dereva. Usifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maana maji yaliyobanwa humrukia mtu usoni. Tia petroli ya daraja ile kitabu kinayotaka. MX-5 mpya hubana hewa na petroli kwa kadiri ya 13 kwa 1, na injini ibanayo namna hiyo, ikipewa petroli hafifu, yaweza kugonga kama nyundo. Walio pwani, kama Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, waoshe gari mara kwa mara hata chini ya mwili wake, maana chumvi ya bahari hula chuma. Na kwa kuwa tumbo la motokaa ya spoti li karibu na ardhi, matuta ya barabarani yapandwe polepole sana.

Asidhani mtu kwamba motokaa ya spoti ni ya lami tu. Mwaka 1971, na tena mwaka 1973, ni Datsun 240Z, motokaa ya spoti ya viti viwili, iliyoshinda mashindano ya East African Safari katika vumbi na matope ya nchi zetu.

Huenda mzazi asomaye haya akasema, "Sisi hununua magari yaliyokwisha kutumika, mazoezi hayo yalifanywa huko Japani." Kweli, lakini injini ikifunguliwa ikatiwa ringi mpya, imerudi utotoni, na sheria ni zile zile. Fundi niliyemtaja alinieleza habari za pikapu iliyotoka kutengenezwa, mwenyewe akaipakia mzigo kamili siku ya pili na kuupanda nayo mlima wa Kitonga. Haukupita muda mrefu ikaanza kutoa moshi wa buluu, na fedha zote za matengenezo zikawa zimepotea. Katika nyumba nyingi pikapu kama ile ndiyo inayolipa ada ya mtoto aliye shuleni. Ingalingoja siku chache tu, ikibeba nusu ya mzigo katika njia za tambarare, ingalifanya kazi kwa miaka.

Kwa hiyo, wenzangu mtakaonunua motokaa siku zijazo, na wazazi mlio nazo sasa, kisomeni kitabu cha gari kabla ya kugeuza ufunguo, na muulizeni fundi kabla ya kupakia mzigo. Kilometa 1,000 ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, na kuzidi kidogo. Si safari ndefu kuingoja kwa ajili ya chombo mnachotaka kiwatumikie miaka 20.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV