Hatari ya Meli Kukutana Katika Njia Nyembamba

Watu wengi wasikiapo habari ya meli kuangamia hufikiri juu ya tufani na mawimbi. Lakini mabaharia wanaoijua kazi yao huiogopa pia njia nyembamba yenye vyombo vingi, hata siku ya shwari. Katika bahari kuu nahodha akikosea, aghalabu hupata nafasi ya kujirekebisha; katika njia nyembamba nafasi hiyo ni haba.

Mfano mkubwa ni msiba wa Halifax, bandari ya Kanada, uliotokea asubuhi ya tarehe 6 Desemba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Usiku mlango wa bandari hiyo ulifungwa kwa nyavu za chuma ili kuzuia nyambizi za Wajerumani. Imo, meli ya Norway, ilitaka kuondoka jana yake, lakini makaa yake yalichelewa kufika. Mont-Blanc, meli ya Ufaransa iliyojaa baruti, nayo ilifika wakati umepita, ikalala nje. Basi kulipopambazuka, zote mbili zilikuwa zimechelewa.

Kanuni ya bahari yaagiza kwamba katika njia nyembamba kila chombo kishike upande wake wa kulia. Lakini Imo ilikuwa imekwisha kupishana na meli nyingine iliyopita upande usio wake, kisha ikasogea zaidi kuiepa tagi. Ikajikuta upande wa kushoto, uso kwa uso na Mont-Blanc. Mont-Blanc ikapiga honi mara moja, maana yake, "Nashika kulia." Imo ikajibu mara mbili, yaani, "Naenda kushoto." Hakuna iliyoipisha nyenzake mpaka zilipokaribiana mno.

Mwishowe Mont-Blanc ikageuka ghafula kwenda kushoto, nayo Imo ikarudisha mitambo kinyume. Meli si gari, haina breki. Mitambo ikizungushwa kinyume, omo huweza kupinda upande. Omo ya Imo ikapinda kulia, ikaupasua ubavu wa Mont-Blanc, na moto ukawaka.

Watu wakajaa madirishani kutazama, wasijue kilichomo, kwa kuwa Mont-Blanc haikutweka bendera ya hatari. Baada ya dakika 20 hivi baruti ikalipuka. Watu wapata 2,000 walikufa na 9,000 hivi wakajeruhiwa, na wengi walipofushwa na vioo vya madirisha. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo karani wa reli, Vincent Coleman. Alipopata habari ya shehena ile, alirudi mezani pake apige simu ya kuzuia treni ya abiria.

Kesi ya meli hizo ilifika mpaka London, na mwaka 1920 Baraza la Mfalme likaamua kwamba zote mbili zilikuwa na kosa sawasawa.

Leo manahodha wana redio na rada, lakini chombo hakimzuii mtu asiyetaka kungoja. Aliyevuka Likoni kwa feri huenda ameona feri ikisimama ili meli kubwa ipite kwenda Kilindini. Wenye haraka hunung'unika. Wakumbuke Halifax: dakika chache za kupishana zingaliuokoa mji.