Siku Ambazo Babu Hakwenda Bandarini

Mtu wa Mombasa akikuuliza "wakaa wapi?", hakuulizi umeketi juu ya kiti gani. Kukaa ni kuketi, na kukaa ni kuishi. Nimezaliwa Magogoni, Kisauni, na neno hilo nimelitumia umri wangu wote bila kulitia maanani, hadi mwaka juzi nilipokwenda nyumbani kwa wiki moja ya likizo, na katika simu nina orodha ya mambo 14 ya kumaliza.

Alasiri ya siku ya pili nilikuwa barazani na mjomba. Muuza kahawa twamsikia kabla hatujamwona: vikombe vyagongana mkono mmoja, dele la kahawa tungu mkono wa pili, na makaa chini yake yangali mekundu. Mjomba akapokea kikombe. Mimi nikatoa simu nimtafute fundi wa mabati.

"Waenda wapi?" akaniuliza.

"Siendi mahali, mjomba."

"Basi mbona hujaketi?"

Nilikuwa nimeketi.

Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Hapa Leicester, Uingereza, nafanya kazi katika ghala, na ruhusa niliyopewa haikutosha hata safari ya kwenda. Nikatuma pesa za sanda, za maturubai, za pilau ya hitima. Zilifika kwa simu kabla jeneza halijatoka nyumbani, na moyoni nikajiona nimetimiza wajibu. Siku hiyo barazani ndipo mjomba alipolitaja jambo hilo, na hakulitaja kwa hasira: "Pesa tulizipata, mwanangu. Wewe hatukukupata."

Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili: kuzikana. Kwetu ukitaka kueleza ukaribu wa watu wawili, wasema "wale wazikana", na hapo hesabu ya nani alimpa nani nini haina nafasi. Kaburini kila mtu hutia udongo mateko matatu kwa mkono wake, na udongo haupelekwi kwa M-Pesa.

Niliporudi Leicester swali la mjomba lilinisumbua, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni lini mtu anayekaa barazani aligeuka mvivu. Maana sifa hiyo tumebandikwa sisi watu wa pwani tangu zamani, hata wenyewe tunaitania. Jibu nililikuta bandarini Kilindini, ambako babu yangu mzaa baba alikuwa kibarua.

Neno lenyewe ni barua ndogo. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku hiyo amefanya kazi, na mwisho jina la kikaratasi likawa jina la mtu. Enzi za utumwa walikuwako watumwa waliokodishwa kwa siku namna hiyo, na ujira wakagawana na bwana zao. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, wengi walioachiwa huru hawakukimbilia mikataba ya mwezi mzima. Walipenda kibarua. Mtu ambaye jana hakuwa na amri juu ya siku yake, uhuru wa kwanza aliouelewa ulikuwa huu: leo naenda, kesho siendi.

Miaka ya 1920 na 1930 bandari iliendeshwa kwa mikono ya vibarua. Meli haziji kwa mpangilio, kwa hiyo makampuni yenyewe yalinufaika: meli ikiwako wanaitwa, isipokuwako hawalipwi. Kibarua naye akafanya hesabu yake. Ujira wa siku gatini ulishinda ujira wa siku wa kazi nyingi za mjini, basi alibeba magunia siku kadhaa za mwezi, zilizobaki akawa shambani kwake, harusini, matangani au barazani. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu kizima juu ya gati hilo mwaka 1987, aonyesha jinsi maafisa wa serikali ya kikoloni walivyokereka. Kilichowakera zaidi ni kwamba mtu aweza kupotea wiki nzima na asife njaa. Mtu wa namna hiyo utamtisha na nini?

Kisha ikaja migomo. Wa 1939 uliwatia maafisa wasiwasi. Wa Januari 1947 ulisimamisha mji mzima kwa siku 12, na watu wapata 15,000 waliacha kazi. Tangu 1944 vibarua walikuwa wameanza kuandikishwa. Katika miaka ya 1950 kibarua huru aliondolewa gatini, mahali pake pakawekwa mfanyakazi aliyesajiliwa, anayetakiwa kufika kila siku. Mshahara wake ulipanda, hilo sitalificha, na wengi waliupigania. Lakini aliyebaki na mtindo wa zamani hakuitwa tena mtu mwenye siku zake. Aliitwa mvivu.

Siisifu baraza kupita kiasi. Ni mahali pa wanaume. Nilipokuwa nimekaa na mjomba, shangazi alikuwa ndani akisonga unga wa mahamri ya kesho, na hakuna aliyemuuliza kama na yeye ataka kuketi. Tena wale vijana walioegemea ukuta wa pili, wenye vyeti vyao vya kidato cha nne ndani ya bahasha, hawakuchagua kukaa. Babu alikaa akijua kesho akitaka ataenda. Wao wanakaa kwa sababu hakuna anayewaita, na kuwasifia utulivu ni kuwakejeli.

Ila na mimi huku Uingereza hali yangu si mbali na yao. Mkataba wangu hauna saa za uhakika. Usiku naletewa ujumbe: kesho njoo, au kesho usije. Nikiwa kazini, mashine niliyofungwa mkononi yahesabu sekunde kati ya mzigo na mzigo. Ni kibarua kile kile cha babu kimegeuzwa chini juu: yeye alichagua siku, mimi siku zanichagua. Na siku nisiyoitwa sipumziki, nakaa nikiitazama simu. Nadhani ndiyo maana mjomba aliona sijaketi.

Ile wiki ilipokwisha nilikuwa nimemaliza mambo 11 kati ya 14. Nayakumbuka mawili. Alasiri ile naikumbuka yote, hadi kashata ya nazi iliyonivunjikia mapajani na wazee wawili waliobishana juu ya tarehe ya kufunguliwa kwa daraja jipya la Nyali, mmoja 1978, mwingine 1982, mpaka adhana ya Magharibi ikawatenganisha. Lilifunguliwa 1980. Nilijua, nikanyamaza.

Mjomba sasa hatoki sana; baraza yake ni kitanda kilicho karibu na dirisha. Nimeomba ruhusa kazini. Msimamizi ameniambia nikipitisha wiki mbili kibarua changu kitaota nyasi. Nimekata tiketi ya wiki sita.