Sekunde saba ku mulango: namna rezo ya klaudi inaweza kukata mushahara wa mutumikaji

Tulikuwa tunafika mbele ya saa kumi na mbili ya asubui, lakini ku karatasi ya mushahara walikuwa wanaandika kama tumechelewa. Mulongo wa posti ya kwanza ulikuwa unafika paka ku barabara. Mutu anaweka kadi yake ku mashini ya pwentaji, anangojea taa ya kijani. Taa haiwaki. Anaweka tena. Nyuma yake watu wanapiga kelele. Mwisho wa mwezi, dakika 10 huku, dakika 12 kule, zote zimekatwa.

Mimi ni delege wa sendika mu mugodi moja ya upande wa Kolwezi. Nilipouliza wakubwa, jibu lilikuwa neno moja tu: «Ni rezo.» Lakini waya ya ku mulango ilikuwa muzima, na antena vilevile. Rezo gani basi? Kijana mumoja wa informatike njo alinieleza, na alinieleza mara tatu, maana mimi niliishia ku diplome ya Leta. Shida haikuwa ku waya. Ilikuwa ndani ya seva, mu programu moja yenye watu wengi hawaijue.

Swichi yenye haiko na mwili

Klaudi, wengine wanasema «wingu», haiko kitu cha mu mawingu. Ni seva kubwa yenye inabeba mashini mingi za virtuali, kila moja inazani iko peke yake. Kati ya mashini hizo na waya ya kweli, lazima kitu cha kugawanya paketi, ni kusema vipande vya habari. Zamani ilikuwa sanduku la chuma lenye matundu ya waya. Sasa ni programu: swichi ya virtuali. Yenye kujulikana zaidi ni Open vSwitch, yenye ilitoka mwaka 2009 ku kampuni Nicira, kampuni yenye VMware ilikuja kununua mu 2012.

Swichi hiyo iko kama mulinzi wa ku mulango. Kila paketi inapita mbele yake: unatoka wapi, unaenda wapi, uko na ruhusa? Lakini muangalie hesabu. Ku waya ya gigabiti 10, kama paketi ni zile ndogo kabisa, zinaweza kufika karibu milioni 14,88 kwa sekunde moja. Kila moja iko na haki ya nanosekunde 67 tu. Prosesa ya gigahertzi 3 inafanya mapigo 200 hivi mu wakati huo. Kuenda kutafuta kitu kimoja mu memori kunaweza kumaliza wakati wote ule. Mulinzi akichelewa kidogo tu, paketi zinajaa, na zenye zimekosa nafasi zinatupwa.

Njia tatu za kuongeza mwendo

Njia ya kwanza ni kukumbuka. Mu Open vSwitch, paketi ya kwanza ya mazungumuzo mapya inapanda ku «biro» kuuliza. Jibu linaandikwa karibu na mulango, na zenye zinafuata zinapita mbio. Ni muzuri, lakini kama kila mara mazungumuzo ni mapya, biro inajaa. Wenye kuitengeneza walieleza mu 2015 namna walirekebisha: kanuni moja inapitisha mazungumuzo mingi pamoja. Ni kama mulinzi aache kusoma jina la kila mutu, aseme: «Ekipe yote ya konkaseri, mupite.»

Njia ya pili ni kuacha kengele. Kwa kawaida, paketi ikifika, kadi ya rezo inapigia prosesa kengele, prosesa inaacha kazi yake na kukuja kuangalia. Kengele zikizidi, hakuna kazi inaisha. Programu DPDK, yenye Intel ilianzisha mu 2010, inafanya ingine: kipande kimoja cha prosesa kinabaki paka pale, kinaangalia mulango bila kulala, na kinachukua paketi kwa mafungu, mara mingi 32 pamoja, sawa vile tunajaza benne muzima mbele ya kamyo kuondoka. Bei yake: kipande hicho kinatumika asilimia 100 hata kama hakuna paketi moja. Hicho hakina sendika.

Njia ya tatu ni kutosha kazi ku prosesa na kuitia ku kadi yenyewe. Microsoft ilianza kutia kadi za namna hiyo mu seva zake mpya za Azure mwisho wa 2015. Mu 2018 ilitangaza kama ziko mu seva zaidi ya milioni moja, na habari kati ya mashini mbili za virtuali inafika chini ya mikrosekunde 15. Amazon ilionyesha yake, Nitro, mu 2017. Google, na programu yake Andromeda, ilibaki zaidi ku njia ya programu, na vilevile ilipunguza muda wa kungojea mara 7 tangu mwanzo.

Hesabu ya ku mulango wetu

Sasa turudie kwetu. Mashini yetu ya pwentaji ilikuwa inafungua mazungumuzo mapya ku seva kwa kila kadi. Ku seva ileile kulikuwa picha za kamera za mugodi yote. Asubui, mulinzi yule wa virtuali alikuwa anazidiwa, anatupa paketi. Na paketi ya kufungua mazungumuzo ikipotea, kanuni ya rezo ni kungojea sekunde 1 mbele ya kurudilia, kisha 2, kisha 4. Jumla sekunde 7. Kwa mutu mumoja haiko kitu. Kwa watu 100 mu mulongo moja ni sekunde 700, karibu dakika 12. Njo zile dakika zilikuwa zinakatwa.

Wengine walisema tupeleke yote ku klaudi ya Johannesburg, wengine wakasema hapana, ni mbali. Toka Kolwezi ni kilometa 1700 hivi. Mwangaza mu fibre unatembea karibu kilometa 200 000 kwa sekunde: kuenda na kurudi ni milisekunde 17, hata kama njia ya kweli inazunguka na kuongeza. Hii haiko sekunde 7. Umbali haukuwa na kosa.

Vijana wa informatike walihamisha kamera ku seva ingine, wakapatia swichi vipande vyake vya prosesa, na mashini ya pwentaji sasa inashika mazungumuzo moja wazi siku yote. Taa inawaka mara moja.

Lakini kosa kubwa haikuwa la mashini. Saa ilikuwa inaandikwa kule ku seva, haikuwa ku mulango. Tena mutu wa mwisho wa mulongo, hata akifika mapema, saa yake ilikuwa inaanza paka wakati kadi yake inapokelewa. Tuliomba vitu vitatu: saa iandikwe ku mulango, mulongo ukiwa murefu mulinzi aandike saa ya watu kufika, na dakika zenye zilikatwa zirudishwe. Viwili vya kwanza tulipata. Kwa dakika, mwezi moja ulilipwa. Miezi miwili ingali mezani.

Ndugu delege wa mugodi ingine, siku patron anakuambia «ni rezo», usirudi nyumbani. Uliza: saa inaandikwa wapi? Paketi ngapi zinatupwa asubui? Na mu seva ile, tunagawana na nani? Majibu yako mu mashini, na kijana wa informatike anaweza kukuonyesha mu dakika tano. Uombe ayaandike ku karatasi, na atie sahihi.