Mbivu na Mbichi: Somo la Chai ya Pu-erh

Mwenye penseli na aishike, na mwenye daftari alifungue. Leo tutasoma namba moja yenye tarakimu nne, na kuisoma vizuri kwaweza kumwokolea mtu fedha nyingi.

Somo letu ni juu ya chai. Lakini si chai hii tunayoichemsha asubuhi kwa maziwa na tangawizi. Ni chai ya Uchina iitwayo pu-erh. Wafanyabiashara wengi wa Afrika ya Mashariki hufika mji wa Guangzhou, kusini mwa Uchina, kununua nguo, vyombo na vipuri. Katika mji huo huo limo soko kubwa sana la chai hiyo. Mgeni huketishwa, hupewa kikombe, kisha huonyeshwa mkate wa chai na kuambiwa, "Hii ni ya miaka mingi." Bei yake huweza kuwa ndogo, na huweza kuwa ya kumfilisi mtu. Je, mnunuzi atajuaje kama anaambiwa kweli? Hilo ndilo swali letu la leo.

CHAI HII NI NINI?

Pu-erh hutoka katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina, jimbo linalopakana na Burma, Laos na Vietnam. Imeitwa kwa jina la mji wa Pu'er, ambako zamani chai ilikusanywa na kuuzwa. Mti wake ni ule ule mchai tunaoujua sisi, unaopandwa Kericho na Mufindi. Hata neno letu "chai" asili yake ni neno la Kichina, "cha". Basi tofauti haiko katika aina ya mti tu. Iko hasa katika kazi inayofanywa baada ya kuchuma.

Chai yetu nyeusi husagwa, huachwa igeuke rangi kwa hewa, kisha hukaushwa kwa joto kali. Ikikaa miaka mingi kabatini hupoteza harufu yake. Lakini majani ya pu-erh hunyaushwa kidogo, hukaangwa katika karai pana, husokotwa, kisha huanikwa juani. Kwa kuwa hayakukaushwa kwa joto kali, mabadiliko ndani ya jani hayaishi. Huendelea polepole, mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu chai hii huwekwa kama akiba.

Mwishoni majani hulainishwa kwa mvuke na kukandamizwa mpaka yawe mkate wa duara, wenye upana kama sahani ya kulia. Mkate wa kawaida ni gramu 357, na mikate 7 hufungwa pamoja ikawa furushi moja. Haya, pigeni hesabu: 357 mara 7 ni ngapi? Ni gramu 2,499, yaani karibu kilo 2 na nusu. Zamani umbo hilo lilisaidia sana, kwa sababu chai ilipakiwa juu ya nyumbu na farasi, ikapelekwa mpaka Tibet kwa njia za milimani.

MBICHI NA MBIVU

Ziko aina mbili za pu-erh. Ya kwanza ni chai mbichi. Wachina huiita sheng. Hii ni ile niliyoieleza sasa hivi. Ikiwekwa mahali pazuri huiva yenyewe kwa muda wa miaka 10, 20, au zaidi.

Ya pili ni chai mbivu. Wachina huiita shu. Nani kati yetu hajui kuvundika ndizi? Mkungu ukiachwa mgombani, ndizi huiva kwa siku zake. Mwenye haraka huukata, akauweka shimoni na kuufunika majani, na joto likauivisha upesi. Chai mbivu nayo huvundikwa. Njia hii ilianzishwa mwaka 1973 katika kiwanda cha chai cha Kunming, mji mkuu wa Yunnan. Majani hurundikwa chini, hunyunyiziwa maji na kufunikwa. Vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza kazi, na lundo hupata joto, pengine digrii 50 au 60. Wafanyakazi huligeuza mara kwa mara ili lisiungue. Baada ya siku 40 hadi 60 hivi chai imekuwa tayari.

Sikilizeni vizuri hapa. Kuivundika chai si udanganyifu. Chai mbivu njema ni njema, na watu wengi huipenda kuliko ile nyingine. Udanganyifu ni kuichukua chai mbivu ya juzi na kuiuza kwa jina la chai mbichi iliyoiva kwa miaka 30.

NAMNA YA KUONJA

Usinunue kabla ya kuonja. Chukua gramu 5 za chai kwa kikombe kidogo cha maji. Maji yawe yamechemka sawasawa. Maji ya kwanza yamwage upesi, maana hayo ni ya kuosha majani. Mimina tena, hesabu polepole moja hadi kumi na tano, kisha chuja na uonje. Usitie sukari wala maziwa. Majani yale yale yanaweza kumiminiwa maji mara 6, mara 8, au zaidi. Onja kila mara, kwa sababu chai mbaya huweza kujificha katika kikombe cha kwanza, lakini katika cha tano haina pa kujificha.

Chai mbichi ambayo bado changa hutoa maji ya manjano. Ina uchungu, na ina ukakasi kama wa bibo au ndizi mbichi. Usishtuke. Ngoja kidogo baada ya kumeza. Katika chai njema uchungu huondoka, na utamu hurudi kooni. Uchungu ukikwama ulimini usiondoke, chai hiyo si nzuri.

Chai mbivu hutoa maji meusi mekundu, karibu na kahawa. Ni laini mdomoni, na harufu yake ni ya udongo uliopata mvua, au ya ubao wa zamani. Ikiwa mpya sana huweza kuwa na shombo kidogo. Shombo hiyo hupungua ikikaa mwaka mmoja au miwili. Lakini ukali wa kitu kilichochacha, au uvundo wa nguo iliyokaa na maji, hiyo ni dalili ya kazi mbaya au ghala mbaya.

Je, chai mbichi iliyozeeka kweli utaitambuaje na chai mbivu? Tazama majani baada ya kunywa. Yatoe, uyafunue kwa vidole. Jani la chai mbichi iliyozeeka ni la rangi ya kahawia, bado lina unyumbufu, na hufunguka. Jani la chai mbivu huwa jeusi, na mara nyingi ni gumu au hupondeka. Maji nayo husaidia: ya chai iliyozeeka ni mekundu lakini maangavu, hata waweza kuona chini ya kikombe.

NAMBA KWENYE KARATASI

Sasa andikeni namba hii: 7542. Wengi wamepotea kwa sababu yake. Mnunuzi huambiwa, "Tazama, imeandikwa 75. Hii ni chai ya mwaka 1975." Naye hulipa bei ya mzee kwa kununua mtoto.

Tuisome pamoja. Tarakimu mbili za kwanza, 75, ni mwaka ambao mchanganyiko huo wa majani ulibuniwa. Tarakimu ya tatu, 4, ni daraja la majani, ndogo kwa machanga na kubwa kwa makubwa. Tarakimu ya nne, 2, ni kiwanda: 1 ni Kunming, 2 ni Menghai, 3 ni Xiaguan. Basi 7542 ni chai mbichi ya kiwanda cha Menghai, ya mchanganyiko uliobuniwa mwaka 1975. Mkate wenyewe waweza kuwa umetengenezwa miaka mingi baadaye, maana chai ya namba hiyo imeendelea kutengenezwa. Namba haikusema uwongo. Aliyesema uwongo ni mtu aliyeisoma kwa faida yake.

Basi itafute tarehe. Wachina huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Lakini karatasi nyingi za zamani hazina tarehe, na karatasi hughushiwa. Vivyo hivyo jina la kijiji. Chai ya kijiji cha Lao Banzhang, katika wilaya ya Menghai, ni ya bei kubwa mno, na kwa hiyo jina hilo huandikwa hata juu ya chai isiyotoka huko. Kusoma ni silaha nzuri, ndugu zangu, lakini soma pamoja na pua, ulimi na macho.

JAMBO LILILOTOKEA MWAKA 2007

Kwa miaka kadhaa kabla ya mwaka 2007 bei ya pu-erh ilipanda. Watu wa miji ya mbali walinunua mafurushi kwa mafurushi. Wengi hawakuinywa. Walitaka tu kuiuza kesho kwa bei kubwa zaidi. Mwaka 2007 wenyewe, bei ilianguka ghafula. Walionunua kwa bei ya juu walibaki na ghala tele na mnunuzi hakuna, na wakulima wa Yunnan waliozoea bei nzuri wakauza majani yao kwa fedha kidogo. Mwaka uliofuata, 2008, serikali ya Uchina ilitoa kanuni ya kusema pu-erh ni ipi: lazima iwe ya majani makubwa ya Yunnan, yaliyokaushwa kwa jua. Kanuni husaidia, lakini haimwonjei mtu chai yake.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Nunua kwanza kipande kidogo, gramu 20 au 25. Kinywe nyumbani kwa siku kadhaa, mwuzaji asiwepo kukusifia. Ukiipenda, nunua mkate mmoja. Nunua chai ambayo utafurahi kuinywa hata kama bei yake haitapanda kamwe. Na mtu akikuambia kuwa inaponya magonjwa, kumbuka kuwa amekuja kuuza.

NAMNA YA KUIWEKA

Ukiisha kuinunua, adui zake ni wanne: jua, maji, harufu, na kufungiwa bila hewa. Iache ndani ya karatasi yake, uitie katika chungu safi cha udongo au kasha la karatasi nene, mahali penye kivuli. Isikae jikoni. Chai huvuta harufu upesi, na ukiiweka karibu na vitunguu, karafuu, sabuni au mafuta ya taa, utakuja kunywa vitu hivyo. Chai mbichi na chai mbivu zisikae chombo kimoja.

Hewa ikiwa kavu sana, chai hulala, haibadiliki. Ikiwa na unyevu mwingi, huota ukungu. Chai iliyowekwa Hong Kong, penye joto na unyevu, huiva upesi kuliko iliyowekwa Kunming, penye ukavu na baridi. Kwetu mwambao, wakati wa masika, hatari ni ukungu. Funika chombo vizuri, usikiweke sakafuni wala kukiegemeza ukutani, na fungua kila wiki uitazame chai na kuinusa. Ukiona ukungu umeota, usiseme, "Nitaiosha kwa maji ya moto." Itupe. Hasara ya mkate mmoja ni ndogo kuliko ugonjwa.

Tumefika mwisho. Mambo ya kukumbuka ni matatu. Kwanza, mbichi huiva kwa miaka, mbivu huvundikwa kwa siku. Pili, namba ya kwenye karatasi si umri wa chai. Tatu, onja kidogo kabla ya kununua kingi. Wazee husema mbivu na mbichi zitajulikana. Ni kweli, lakini afadhali zijulikane kabla fedha hazijatoka mfukoni.

MASWALI

1. Chai mbivu na ndizi za kuvundika zafanana kwa jambo gani?
2. Katika namba 7572, kiwanda ni kipi? Mchanganyiko ulibuniwa mwaka gani?
3. Tarehe 2015.03.08 ni siku gani, mwezi gani, mwaka gani?
4. Mkate wa gramu 357 ukitumia gramu 5 kila mara, utakutosha mara ngapi?
5. Taja adui wanne wa chai iliyowekwa akiba.

Jadilianeni pamoja na mwalimu wenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.