Miezi Mitatu ya Mwisho: Mjamzito Ale Nini?

Mwaka 1975 nchi yetu iliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili chakula. Leo tuzungumze jambo moja tu: chakula cha mama aliyebakiza miezi mitatu kujifungua.

Katika miezi hiyo mtoto anaongezeka uzito upesi sana. Ubongo wake unakua. Mifupa yake inakuwa migumu. Pia anajiwekea akiba ya madini ya chuma, yaani madini ya kutengenezea damu. Akiba hiyo ataitumia miezi ya kwanza baada ya kuzaliwa, kwa sababu maziwa ya mama yana chuma kidogo. Vitu hivi vyote anavichukua kwa mama yake. Hana kwingine.

Lakini wapo wanaomwambia mjamzito apunguze kula. Wanasema mtoto akiwa mkubwa, kujifungua kutakuwa kugumu. Hofu yao tunaielewa. Hata hivyo, njaa haiondoi taabu hiyo. Mama anakosa nguvu na damu. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, anaweza kufa. Mtoto naye akizaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, hushikwa na baridi na maradhi kwa urahisi. Kama njia ya uzazi ni nyembamba, hiyo ni kazi ya mkunga na daktari. Si kazi ya kupunguza ugali.

Basi ale nini? Kando ya ziwa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, chakula kikubwa ni muhogo. Muhogo unatia nguvu, lakini haujengi mwili. Lazima uende na mboga ya kujenga mwili, na mboga hiyo tunayo. Ni usipa. Samaki huyu ni mdogo, lakini analiwa mzima, kichwa na mifupa. Mifupa hiyo ndiyo inayojenga mifupa ya mtoto. Usipa mkavu aoshwe vizuri, mchanga utoke.

Milimani, katika mashamba ya ngolo, kuna maharage. Maharage yanajenga mwili na yana chuma. Mama akila pamoja na limao, chungwa, papai au embe, mwili unakipata chuma hicho vizuri zaidi. Kahawa na chai hufanya kinyume. Asinywe pamoja na chakula, angoje kama saa moja. Najua kwa watu wa Mbinga neno hili ni gumu!

Aongeze matembele, majani ya maboga au kisamvu kilichopikwa kikaiva kabisa. Mayai ale. Kuna wanaosema mama akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele. Si kweli. Chumvi iwe yenye madini joto, maana yanasaidia ubongo wa mtoto, na samaki wa ziwa hawana ya kutosha. Pombe aache kabisa. Udongo asile.

Mimba ikiwa kubwa, tumbo linabanwa na mama anashiba upesi. Kwa hiyo ale kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Kabla ya mimba alikula milo mitatu? Sasa aongeze mmoja. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki avimeze kila siku, hata kama choo kinakuwa cheusi. Weusi huo hauna ubaya. Akiona viganja vimepauka, anachoka na kuhema hata akitembea polepole, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Sasa neno kwa akina baba. Usipa anauzwa. Maharage yanauzwa. Fedha tunazihitaji, hakuna anayekataa. Lakini tupige hesabu. Konzi mbili za maharage makavu kwa siku ni kama gramu 100. Miezi mitatu ni siku 90. Hiyo ni kilo 9, karibu nusu debe. Baba, kabla hujafunga gunia la kupeleka sokoni, toa nusu debe hiyo, umkabidhi mama.